Ukungu Ndani ya Darubini

Majirani walimwita Shabaha tangu ujana wake, kwa sababu nguruwe pori akiingia mahindini na yeye yupo, habari ya nguruwe huyo ilikuwa imekwisha. Jina lilimkaa vizuri kwa miaka mingi. Kisha msimu uliopita, jioni moja kabla jua halijatua, aliona nguruwe mweusi ameinama ukingoni mwa shamba, akatuliza pumzi, akafyatua. Nguruwe hakukimbia wala hakuanguka. Shabaha alipomkaribia akakuta amepiga kisiki.

Watu walicheka wakashika mbavu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mashamba yao yalipakana, ndiye aliyeshika usukani wa utani.

"Ulifanya vyema, shemeji," alisema. "Kile kisiki kilikuwa kimekula mahindi yetu mengi sana."

Shabaha akaisingizia bunduki. Vilengeo vyake vya chuma vimechakaa, alisema, na hata kijana wa macho makali asingeona kitu. Wakulima wenzake walimwamini, au walitaka kumwamini, maana bila yeye nguruwe wangewamaliza. Wakachanga fedha wakamkabidhi: anunue darubini ya kufunga juu ya bunduki, isiyo ghali, na isiyoharibika upesi. Ila wakatia sharti. Akipiga kisiki cha pili, wataenda kumwomba yule mpiga bunduki wa bonde la pili, naye Shabaha atundike bunduki yake ukutani. Huyo wa bonde la pili alikuwa mshindani wake tangu wote wawili hawajaota ndevu. Shabaha aliona heri wamnyang'anye shamba.

Basi mahindi yalipoanza kubeba akashuka mjini. Mkewe alikwenda naye bila kuitwa.

"Fedha za watu hizo, baba watoto," alisema. "Na wewe ukiona kitu kinang'aa unasahau ulichotumwa."

Duka la silaha lilikuwa chumba chembamba nyuma ya mlango wa chuma. Bunduki zilisimama ukutani, mnyororo mmoja umezipitia zote, na chumba kizima kilinuka mafuta ya mashine. Mwenye duka alikuwa mzee ambaye sikio lake moja liliharibiwa na milio ya risasi, hivyo kila alipoambiwa neno aligeuza kichwa kama kuku anayekagua punje.

Shabaha hakuzunguka. Alinyoosha kidole kwenye darubini ndefu kuliko zote, yenye kioo kikubwa mbele kama kikombe cha chai.

"Nipe hiyo."

Mwenye duka akaifunga juu ya kibao alichokiweka dirishani kwa kazi hiyo. Shabaha akainama, akaielekeza mbali, juu ya mapaa, kwenye tangi la maji la mji.

"Kuna moshi kidogo huko," alisema, "lakini tangi limenijia mpaka puani."

"Kumbe nguruwe wetu wanalala juu ya tangi?" mkewe akauliza.

Mwenye duka aligeuza sikio zima, akaomba arudiwe, kisha akacheka taratibu. "Kila anayeingia humu analitazama lile tangi," alisema. "Nimeshafikiria kulitoza ada. Mzee, wewe unawindia wapi?"

"Mahindini na vichakani. Mpaka nimwone nguruwe, yeye ameshanisikia nikimeza mate."

"Basi nitafutie yule kinyozi."

Kinyozi alikuwa ng'ambo ya barabara, kibandani kwake, akimnyoa mtu. Shabaha akaizungusha darubini huku na huku. Alipita ukuta, akapita baiskeli, akarudi ukutani.

"Naona nywele tu," alisema mwishowe.

"Hicho ni kichwa cha mteja wake. Na nguruwe wa karibu utamwona hivyohivyo, nywele tupu, usijue ni za bega au za mkia. Ukija kujua, ameshafika kwa jirani."

Akaifungua ile ndefu, akatoa fupi, nyembamba, isiyo na mapambo. Hii, alieleza, hukuza kidogo tu, na ukiirudisha mwisho haikuzi kabisa. Lakini uwanja wake ni mpana, kwa hiyo mnyama akitimka humpotezi. Jicho linakaa mbali nayo kwa upana wa kiganja, ili bunduki ikirudi nyuma isikupasue nyusi. Bei yake haikufika nusu ya ile ndefu. Kisha akafanya jambo ambalo mke wa Shabaha alilisimulia baadaye kila mahali: akamimina maji ya moto kwenye beseni, akaizamisha darubini, akangoja. Hakikupanda kiputo hata kimoja.

"Kama hewa haitoki, maji hayaingii. Mvua ikunyeshee utakavyo, ndani haifanyi ukungu. Hii ndiyo nawauzia watu wa mahindi."

Akaifuta, akaifunga kibaoni. Shabaha akainama.

"Ina ukungu," alisema.

Mwenye duka akaifuta tena kwa kitambaa laini, mbele na nyuma.

"Bado."

Akaletewa nyingine ya aina ileile, mpya, iliyotolewa kwenye boksi mbele ya macho yake. Nayo ilikuwa na ukungu. Akaletewa ya bei ya juu kidogo, kisha nyingine ya bei ambayo mkewe aliposikia alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Zote zilikuwa na ukungu, na Shabaha alianza kuudhika.

"Duka zima hakuna kioo kizima," alisema. "Au mnawauzia watu wa mahindi mabaki?"

Mwenye duka alikuwa amegeuza kichwa, safari hii si ili asikie, bali amtazame Shabaha usoni, upande wa kulia.

"Hebu na mama aangalie," alisema.

Mkewe akainuka, akakunja shingo kwenye ile fupi ya kwanza. "Naona ubao wa kinyozi," alisema. "Kunyoa kichwa, kunyoa ndevu, watoto nusu bei. Na anajikuna sikio kwa kitana. Sitamleta mwanangu hapa."

"Ukungu?"

"Ukungu upi?"

Mkewe akamshika Shabaha mkono, kitu ambacho hakuwa na desturi ya kufanya mbele za watu, akamsogeza kibaoni. "Tumia jicho la kushoto, baba watoto."

Alitumia la kushoto. Kinyozi akatokea mzima, na wembe wake, na povu kwenye wembe. Akahamia la kulia. Kinyozi akawa kitu cheusi kilichoinama.

Alikaa hivyo kwa muda, akihama jicho hadi jicho, kama mtu anayejaribu ufunguo mmoja kwenye kufuli ileile akitumaini. Hakuwa akimfikiria kinyozi. Alikuwa akifikiria kitu cheusi kilichoinama ukingoni mwa shamba. Kila jioni shemeji yake hukaa pale kwenye kisiki kunoa jembe, mgongo umejikunja, shati lake la kazi jeusi kwa masizi. Siku ile aliwahi kuondoka. Mtoto alikuwa amemwita nyumbani.

"Mimi si daktari," mwenye duka alisema, "lakini marehemu kaka yangu alikuwa na mtoto wa jicho, na alianza hivyohivyo, kwa kugombana na taa. Jicho hilo huenda likatibika. Darubini haitalitibu. Ningeweza kukuuzia ile ya bei ya mbinguni, na ungepiga kisiki kingine kwa gharama kubwa."

"Nikipigia bega la kushoto?"

"Bunduki yako kishikio chake cha kukokea kiko kulia. Utajifunza upya kama mtoto. Usijifunzie kwenye shamba la watu."

Shabaha aliwaza bonde la pili, na uso wa yule mtu atakapopelekewa habari. Aliwaza pia kwamba hakuna aliyejua ila watu hawa wawili, na mmoja alikuwa mkewe. Angeweza kufunga kioo juu ya bunduki, akanyamaza, akangoja bahati.

"Funga hiyo fupi," alisema. "Tumetumwa darubini, tutapeleka darubini."

Mkewe akamtazama.

"Ni ya shamba," alisema Shabaha. "Si ya jicho langu."

Walifika nyumbani jua likiwa limelala upande. Shemeji alikuwa pale pale kwenye kisiki, jembe magotini, akinoa.

"Haya, Shabaha, umeniletea macho ya kununua?" alipaza sauti. "Tuvifiche visiki vyote?"

Shabaha hakusimama kando kama zoea lake. Alivuka mtaro, akatoa darubini kwenye boksi lake, akampa.

"Nenda pale barazani kwangu, niliposimama siku ile. Tazama ulipokuwa umekaa."

"Kuna nini?"

"Nenda, shemeji."

Shemeji akaenda akicheka, akajifutia mikono kwenye suruali, akaweka darubini jichoni. Kutoka pale kisiki kilionekana chote bila kuhangaika kukitafuta: magome, sisimizi, kipande cha jiwe la kunolea alichokisahau juu yake. Na tundu la risasi kwenye ukingo wake ulioinuka, pale anapoegemeza mgongo. Kicheko kilikwisha chenyewe.

Shabaha alimfuata pole pole. "Haikuwa bunduki," alisema. "Ni jicho langu la kulia. Kesho nitawaambia wote. Mwiteni yule wa bonde la pili, mumwazime hiyo. Ni nzuri, mama watoto ameikagua. Ufunguo wa kabati la bunduki anakaa nao dada yako."

Shemeji aliishusha darubini, akaigeuzageuza mikononi.

"Hospitali unakwenda lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Nitakupeleka mimi. Usije ukaingia jikoni ukamwita mpishi daktari."

Mkewe, mlangoni, alikuwa wa kwanza kucheka. Shemeji akarudi shambani kuchukua jembe lake. Alilichukua akiwa amesimama, akaenda kunolea mahali pengine.