Kuku wa Marsala kwa Wafanyakazi

Katika jiko la mkahawa wa Kitaliano, ndani ya hoteli moja ya Deira huko Uarabuni, chakula chenye pombe kilikuwa na taratibu zake. Kilipikwa kwenye vikaango vyenye mkono mwekundu tu, na kwenye menyu kiliwekewa herufi A ili mgeni asiyekunywa ajiepushe nacho. Auleria wa Bukoba, mpishi wa michuzi, hakuwahi kuzivunja taratibu hizo hata siku ya pilikapilika.

Mwenyewe aliipenda Marsala. Ni mvinyo wa Sisilia ulioongezwa pombe kali. Ukiumimina kwenye uyoga na siagi, harufu yake tamu hujaza jiko zima, na ukiupiga na viini vya mayai na sukari unapata zabaione, ambayo wageni walikuwa wakikwangua glasi wasibakishe kitu. Mvinyo hakuwa na ugomvi nao.

Ijumaa hiyo, harusi ya jana yake ilikuwa imebakiza kuku wa Marsala, trei nzima. Stephen, Mkenya aliyekuwa msaidizi wa mpishi mkuu, akamsukumia.

"Pasha hii, iende kwa staff. Lunch imefika."

"Chef, nusu yao ni Waislamu. Nani atawaambia?"

"Waambiwe nini? Pombe ilichomeka yote jana. Hakuna kitu imebaki. Yalla, harakisha."

Auleria akamgeukia. "Kama hakuna kilichobaki, basi tuifute ile A kwenye menyu ya wageni."

Stephen akacheka kwa pua. "Wageni wanalipa. Na wewe usisahau viza yako ni ya hoteli. Neno moja tu, unarudi kwenu."

Aliogopa, tusidanganyane. Alimjua Stephen, na neno hilo asingeshindwa kulitamka. Lakini alimfikiria Zahor, Mpemba aliyeosha vile vikaango vyekundu kutwa, kisha akajisugua mikono mpaka viwikoni kabla ya kwenda kuswali. Sasa hivi angerudi kutoka msikitini na njaa yake, na angekula chochote atakachowekewa bila kuuliza, kwa sababu kimepikwa na Auleria. Hapo ndipo palipomuuma. Huyu bwana alitaka kuutumia mkono wa Auleria kumlaghai mtu anayemwamini.

Akainyanyua trei, akaimwaga yote kwenye pipa la taka, Stephen akimtazama. Kisha akafungua jokofu, akatoa mayai yaliyotengwa kwa zabaione ya jioni. Akachukua kikaango safi chenye mkono mweusi, akakata vitunguu, nyanya na pilipili, akaanza kukaanga.

"Auleria, hayo ni mayai ya wageni."

"Najua."

"Khalas. Umejimaliza. Panda ofisini saa hii."

Hakugeuka. Akayavunja mayai moja baada ya jingine, akapakua sahani ya kwanza.

Zahor akaingia na wenzake, kofia bado kichwani. "Leo tuna nini, dada Auleria?"

"Mayai. Kaa ule."

"Auleria," Stephen akasema kwa sauti ya chini, "nimesema ofisini."

"Nimekusikia, Chef. Nitapanda wakishakula."

Akavunja yai jingine. Nyuma yake Zahor alipiga bismillahi, akamega mkate, akaanza kula bila kuitazama sahani.