Midomo ya Wilf Entwistle

Jumatatu jioni Edna Entwistle alitoka kiwandani, akajipangusa vumbi la pamba nyweleni, akanunua chipsi zenye siki, kisha akaenda sinema kumwona marehemu mumewe. Kando yake aliketi Hilda, jirani yake na mfumaji mwenzake.

Wilf alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mwaka uliotangulia, watu wa filamu walikuja kutoka London kutafuta watu halisi, maana waigizaji, walisema, wana mikono misafi mno. Wakamketisha mezani kwake na kumwambia aseme lolote ambalo husema nyumbani. Akasema. Mwezi wa Machi dari la mgodi likamwangukia, na uchunguzi ukaamua kwamba kosa ni lake: hakusimamisha nguzo za kuzuia dari.

Kwenye skrini Wilf alikunywa chai, akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu mwingine, laini kama ya mtangazaji wa redio: "Kazi ni ngumu, lakini tumezoea." Walikuwa wamembadilishia sauti, ati watu wa kusini mwa Uingereza wasingeelewa lafudhi ya kwao Lancashire. Tena wakubwa wa mgodi walikuwa wameomba kuisikia filamu kwanza.

Ila wanawake wa mji ule ni wafumaji. Kwa kelele za mashine hakuna anayesikia kitu, hivyo kiwandani huzungumza kwa midomo, na umbea wote wa mji hupita bila sauti. Safu tatu nzima za wafumaji zilimsoma Wilf midomo: "Nguzo hawatuletei. Tumeomba mpaka tumechoka."

"Huyo ndiye Wilf," Hilda alisema. "Huyo mwingine simjui."

Jumanne Wilf alisema mengine. Alimwambia Edna kwamba banda la makaa linavuja, na kwamba Edna mwenyewe amekonda. Sauti ya London iliendelea na yake.

Jumatano Hilda alimgusa Edna kiwiko. "Shoga, hebu muulize ngazi yangu alimpa nani."

Edna akauliza kwa midomo. Wilf aliweka kikombe chini, akafikiri, akajibu kwamba alimpa Stan. Kweli, ngazi ilikuwa kwa Stan.

Alhamisi Edna alimleta Bwana Pilling, aliyeongoza uchunguzi. Bwana Pilling alivua kofia, akasikiliza kwa makini.

"Mama, mumeo anasema amezoea."

"Usimsikilize! Mtazame!"

"Nina masikio, mama."

Akaondoka kabla ya mwisho ili asikose basi. Edna alilia kwa hasira, na Wilf, pale mezani, akamngoja anyamaze.

Jumamosi ilikuwa onyesho la mwisho.

"Bado wanasema kosa ni lako," Edna alisema bila sauti.

"Najua. Kila jioni namsikia huyo wa London anavyonisemea."

"Inaniuma, Wilf."

"Hata mimi. Umekula?"

"Chipsi."

"Chipsi si chakula, mwanamke wewe."

Jumapili filamu ilipakiwa kwenye treni, ikaenda London, ambako hakuna mfumaji hata mmoja. Kila jioni Wilf aliinuka mezani, akawakaribia watazamaji kadiri alivyoweza, akawaeleza habari za nguzo, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ukumbi mzima ulilia. Magazeti yalisifu sauti yake.