Hendeli ya Msumari 214

"Haliwaki hilo, hata ulifukizie udi," mnunuzi wa vyuma chakavu alisema, akapuliza chai ya watu.

 Karani alikuwa kazamisha kichwa chini ya boneti, makalio juu, akikaza nati ya mwisho kwa upole wa mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Siku tano za kazi alikuwa mtu wa masjala, asiyejua kupandisha sauti. Jumamosi na Jumapili, mwaka wa tisa sasa, alikuwa mume wa lori bovu. Mke wa ndoa naye alishachoka kuwa mke mdogo. Wakapatana mbele ya watoto: Jumapili hii lori likifika saa kumi halijanguruma, linakatwa vipande, uwanja unarudi kwa mama.

Ilishatimu saa tisa na nusu, na hendeli haionekani. Betri ilikufa zamani. Bila chuma kile cha kuzungushia injini, lori lilikuwa kabati lenye magurudumu.

Si kwamba Karani hakuwa na mpangilio. Aliuhamisha wa ofisini, mzimamzima: kila kifaa na msumari wake ukutani, kila msumari na namba, na atakayechukua kitu aache karatasi yenye jina, tarehe na sababu. Hata yeye alijiandikia. Msumari wa hendeli, namba 214, ulikuwa na kijikaratasi tu, ambacho tangu asubuhi alikidhania lebo.

"Vaa miwani, baba," mkewe alisema kutoka barazani, macho kwenye mchele anaouchambua.

Akavaa. Akasoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti:

"'Imechukuliwa na mama mwenye nyumba. Komeo la banda la kuku. Itarudi kuku wakiisha.' Hii ni ya mwaka juzi!"

"Tarehe nimeweka, sahihi nimeweka. Mngejaza hivyo huko kwenu, mafaili yasingepotea."

"Yaani tangu asubuhi unanitazama navuja jasho?"

"Na raha nimeiona, nisikufiche."

Mnunuzi alicheka hadi chai ikampalia. "Mama, usimpe! Dakika chache tu uwanja ni wako."

Mwanamke akamtazama mnunuzi. Kisha akamtazama mumewe, aliyekuwa na grisi mpaka kwenye kope. Karani hakuomba. Alisimama tu, akikikunja kile kikaratasi pembe kwa pembe, kama cha kwenda kuhifadhiwa.

Mkewe akaweka ungo chini, akaenda bandani. Kuku wakamwagika uwanjani kama watoto wa shule kengele imelia, naye akarudi na hendeli, anaifuta mavi kwa gunia.

"Saini kwanza kwamba umepokea."

Karani akasaini. Akazungusha: lori likakohoa. Akazungusha tena: kimya. Mnunuzi akachungulia saa yake. Mara ya tatu likapiga chafya, likatapika moshi mweusi, likanguruma mpaka kuku wakaparamia paa.

Karani akapanda, akakaa nyuma ya usukani, hajui mikono aiweke wapi. Kupitia kioo alimwona mkewe kafika langoni, ambako halijapita gari miaka yote hiyo, kajifunga kibwebwe. Mama akainama, akaanza kuhamisha vyungu vya maua vilivyoziba njia, kimoja baada ya kingine.