Mwana wa Mzee Wabwile

Katika shamba moja nje ya Kitale, Mudoma alivuna mahindi sawa na wenzake, na siku nyingine akawaacha nyuma, lakini malipo yakifika alipewa nusu. Wenzake walikuwa na kitambulisho. Yeye alikuwa Mgisu aliyevuka mpaka kutoka Uganda bila karatasi yoyote.

"Si uende ushtaki," nyapara Kimutai alimwambia, akicheka.

Hangeshtaki. Ila alitaka kumwoa Wilkista, muuza chai wa langoni, na nusu mshahara haioi mtu.

Basi akaenda Kamukuywa kwa Mzee Wabwile, Mbukusu asiyejaliwa mtoto wa kiume. Wabukusu na Wagisu wanasikizana lugha na wanatahiri kwa mila moja, kwa hiyo kazi haikuwa ngumu. Mzee alisimama mbele ya chifu akasema huyu ni kitinda mimba wake, alilelewa Uganda. Wazee wa ukoo wakaitikia. Uongo ulipita bila kumkwaruza mtu koo. Kitambulisho kikatoka, na Kimutai akaanza kulipa kamili, uso umemshuka.

Mudoma hakumwambia Wilkista neno. Alitaka kumshangaza, na hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Wabukusu hawaoani ndani ya ukoo wa baba wala wa mama. Ukoo wa baba yake Wilkista aliujua, si wa Wabwile, hauna shida. Wa mama hakuuliza.

Walipofika kwao Wilkista, karibu na Kibabii, mama mtu alimmiminia chai akaanza maswali.

"Wewe ni mutu wa wapi, mwanangu?"

"Kamukuywa, mama. Mimi ni mwana wa Mzee Wabwile." Akatoa kitambulisho kwa fahari.

Mama akakigeuzageuza. "Wabwile? Si huyo ni ndugu ya baba yangu! Kumbe ni wewe ule mtoto wa Uganda wazee walisema! Basi sisi ni ndugu, bana."

Wilkista aliweka birika chini, akamtazama Mudoma, akingoja akanushe. Ukweli ulikuwa mdomoni. Lakini ukweli ungemfunga mzee, nao ungemrudisha yeye kwenye nusu, kama si ng'ambo ya mpaka. Alimpenda Wilkista kweli. Akanywa chai.

"Wilkista, salimia mjomba wako," mama alisema, furaha imemjaa. "Na wewe ndugu yangu, usiende mbali. Siku mahari ya huyu italetwa, ng'ombe ya mjomba ni yako."