Kiwavi Aliyekataa Hariri

Jina la Mama Dudu alipewa na mtaa kwa dharau, naye akalivaa kama gauni lililomkaa sawasawa. Alikuwa fundi cherehani. Habari za wadudu hakusomea popote. Shule aliiacha mapema ili wadogo zake wasome, akabaki na macho yake mawili na udadisi. Kwa macho hayo alijua nyigu yupi hujenga kwa udongo, na mbawakawa yupi hujifanya maiti akiguswa, kama mtoto aliyesikia anaitwa kuosha vyombo.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Kwenye miti ya ua, nyuma ya nyumba, kulikuwa na kiwavi mweusi mwenye manyoya. Kwenye taa ya mlangoni alikuja nondo wa kijani, mpana kama kiganja. Moyo ulimwambia ni kiumbe yuleyule, utotoni na ukubwani. Lakini moyo si shahidi. Kila msimu alifuga viwavi, na kila msimu walimfia kabla ya kugeuka.

Mwaka huu mwenye nyumba akaufyeka ua wote. Mama Dudu akaambulia kiwavi mmoja.

Akamtandikia boksi kwa vipande vya hariri vilivyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Kiwavi akala, akanenepa, kisha akasusa majani, akawa anazunguka tu. Mama Dudu akaingiwa na hofu: wenzake wote walianza hivihivi.

Wifi yake, dada wa mumewe, mdomo kama pilipili, akachungulia.

“Wifi, mgeni wako ana shida.”

“Shida gani? Nimempa hariri!”

“Ndiyo hiyo. Umemtandikia kitanda, mwenzio anatafuta choo. Ona anavyokwaruza pembeni!”

Mama Dudu akacheka, kisha akainamia boksi. Anakwaruza. Anachimba! Miaka yote hiyo alikuwa akiwatandikia vitambaa viumbe waliotaka udongo. Ndivyo alivyo fundi: kila shida huikatia kitambaa.

Akanyakua sufuria jikoni, akaenda kuijaza udongo.

“Sufuria yangu, wewe!”

“Nyamaza, wifi, tunazika.”

Kiwavi akazama kichwa mbele, bila hata kuaga. Sufuria ikawekwa chini ya pazia, kando ya cherehani. Wiki zikapita. Majirani wakapita dirishani kutoa pole za kejeli. Yeye akanyunyiza maji kidogo na kuubembeleza udongo.

Asubuhi moja, akimpima mteja kiuno, udongo ukapasuka. Kikatoka kitu kibichi, mabawa yamekunjamana kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo, kikakwea pazia na kuning’inia. Mabawa yakashuka taratibu, yakajinyoosha bila pasi. Kijani kitupu!

“Ni yeye!” Futi ikamdondoka. “Wifi! Ni yeye, ni mmoja!”

Wifi akaja mbio na mwiko wake. Akatazama, akagusa pazia kwa ncha ya mwiko. Kisha akatoka mlangoni akapaza sauti:

“Njooni muone! Na aliyesema wifi yangu ana wazimu aje wa kwanza!”

“Si ulisema wewe?” Mama Dudu akamuuliza, machozi na kicheko vikigombania uso wake.

“Ndiyo maana nimewahi.”