Magugu ya Serikali

Mke wangu alinionya mapema. "Tumeacha kulima kipande kizima kule chini ili eti vipepeo wapate pa kukaa. Usipolipwa, hayo magugu utayala wewe, tena bila chumvi."

Mpango wenyewe ni rahisi. Unaacha ukanda wa pori kando ya shamba, wadudu na ndege wakae humo, serikali inakufidia mahindi ambayo hukupanda. Ukiufyeka kabla ya kukaguliwa, huna mahindi na huna fidia. Shule niliiacha njiani, lakini hesabu hiyo naielewa.

Sasa mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Tukiwa tunakula nikasema, "Kesho bwana shamba anakuja kukagua magugu yangu." Nikaendelea kutafuna.

Asubuhi nikasikia fyu, fyu, fyu. Natoka mbio, namkuta mama mkwe kajifunga nguo kiunoni, fyekeo mkononi, nusu ya pori iko chini.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nakuokoa na aibu! Mtu wa serikali aje aone uchafu huu? Atasema nimemwoza binti yangu kwa mvivu!"

Mama mkwe hafokewi. Nikashika kichwa, nikaanza kucheka kama mwehu, maana kulia mbele ya mkwe ni vibaya zaidi. Naye, kunionyesha kazi inavyofanywa, akakipiga kichaka kimoja cha mwisho.

Humo ndimo walimokuwa nyuki.

Sikujua kama mama yule anaweza kukimbia hivyo. Alinipita, akampita mbuzi, akakutana na bwana shamba anashuka kwenye pikipiki.

"Kimbia, baba!"

"Kwani kuna ni—"

Nyuki akamjibu.

Tukajazana jikoni, mlango tukaukomea. Mama mkwe alikuwa na sufuria kichwani. Bwana shamba mdomo wa juu ulikuwa umevimba mpaka unagusa pua. Mke wangu akatutazama mmoja mmoja, kisu na kitunguu mkononi.

"Ukanda unatakiwa uwe na wadudu," bwana shamba alisema kwa shida.

"Umewaona?" nikauliza.

"Wao ndio wameniona."

Mke wangu akaangua kicheko. Mama mkwe akafuata, sufuria likaanguka, bwana shamba naye akacheka huku analia kwa maumivu.

Nyuki walipotulia, akachungulia shamba kwa mbali. Kwa mbali sana. "Nusu iliyobaki naipitisha leo. Iliyofyekwa nitarudi mvua zikinyesha, kama itakuwa imeota."

"Kama?" mama mkwe akamshangaa. "Mwanangu, uliona wapi magugu yakaomba ruhusa?"

"Basi," mke wangu akaniambia, "nusu nitakutilia chumvi."

Mama mkwe hajaondoka mpaka leo. Amesema analinda. Jana niliinama ukingoni nimkatie mbuzi majani kidogo tu, nikasikia sauti kutoka dirishani:

"Weka hapo! Hayo ni ya serikali!"