Mtani Mlangoni kwa Mwajabu

Mchana huo, ubwabwa wa dada yake Mwajabu ukiwa bado mzito tumboni, Shomari anajinyoosha kwenye mkeka wa ukumbini, kamera kifuani, kwani kesho tingatinga linakuja kuivunja nyumba yao ya Ilala, naye ametoka Hamburg, baada ya miaka chungu nzima, kuipiga filamu kabla haijalala chini. Anafumba macho kidogo tu, na ukumbi unarefuka. Anatembea, milango ya vyumba inampita kulia na kushoto, anatokea barabarani, na barabara haina mwisho, pande zote maghorofa ya vioo, na ndani ya kila kioo mna mtaa wa zamani, mabaraza, mabati yenye kutu, wanawake wanasukana nywele, lakini akigeuka autazame mtaa wenyewe anakuta kioo kingine. Kwa mbali tingatinga linanguruma. Si walisema kesho? Anakimbia, kila kona ni ya kwao na si ya kwao, mpaka anaiona nyumba, anamsikia Mwajabu akiosha vyombo uani, na kizingitini amelala mtu asiye na uso, pale pa uso pamekuwa laini kama kitako cha sufuria mpya.

Hupiti, Mzaramo, anasema. Nipishe, dada yangu yumo ndani. Yumo, na nyumba ni maiti, mimi Mnyamwezi mtani wenu nimekuja kuizika, leta kamera ndipo niondoke. Shomari anaijua desturi hii, aliwahi kumwona mtani akijilaza ndani ya kaburi la bibi yake, akigoma kutoka mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka, lakini ugeni umemkausha, anasema, Mwizi wewe, nitaita polisi. Yule mtu anavimba, anaziba mlango wote. Polisi, mtani? Huko Ulaya walikulisha nini, barafu? Tingatinga limefika kona, vioo vinatetemeka. Mwajabu anaita kutoka uani, Shomari, mjibu mwenzio, mjibu kama baba alivyokuwa akiwajibu watani. Anatafuta tusi, kisha linamtoka: Mnyamwezi wewe, umebeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, uso wako mwenyewe ukausahau njiani. Mtu yule anacheka mpaka anajikunja kama jamvi, mlango unaachia, Shomari anaingia mbio na kumshika dada yake mkono. Twende, dada. Niende wapi, na hapa ndipo kwetu?

Mkono unamtikisa. Amka, Shomari, chai inapoa. Limeshapita? Nini? Tingatinga. Mwajabu anakiweka kikombe chini taratibu. Mdogo wangu, nyumba walishaivunja wiki iliyopita, wewe mwenyewe ulisimama na kamera mwanzo mpaka mwisho, hapa tuko kwa mwanangu Mbagala. Shomari anajishikiza ukutani ainuke, ukuta wa saruji uliopakwa rangi nyeupe juzijuzi, na kiganja kinarudi na chokaa ya buluu, ile aliyokuwa akiichanganya baba yao kuipaka nyumba ya Ilala kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani. Mwajabu anakitazama kiganja. Futa mkono, anasema, kisha anakwenda kuufunga mlango kwa komeo, kama anayemzuia mtu aliye nje.